Mikweche ya Kitale na Bungoma

Mtu ashikaye njia ya Kitale kwenda Bungoma, akapita Kiminini na Kamukuywa, kisha akakata kwa Kimilili na Chwele hata akatokea Kanduyi, aghalabu haoni gari bovu lililotupwa kando ya barabara likakaa hapo mwaka mzima, maana katika nchi hii chuma kisicho na mlinzi hakikai. Lakini mtu huyohuyo akisimama mbele ya kituo cha polisi, au akichungulia nyuma ya bohari ya serikali, au akipiga hodi katika boma la mzee aliyefariki zamani na kuacha wake wawili na logibuku moja, atakuta magofu ya magari yamezama katika nyasi, matairi yamelala, vioo vimeingia ukungu, na mpera umeota mahali palipokuwa na injini. Pasipo na askari wala karani gari hutoweka. Penye askari na karani hudumu. Tofauti hii ndiyo niliyokusudia kuieleza, na ili ieleweke hapana budi kurudi nyuma zaidi ya karne moja, kwa kuwa sheria zinazotawala mikweche yetu hazikutungwa kwa ajili ya mikweche. Zilitungwa kulinda reli, na afya, na mirathi, na ushahidi wa mahakama, na mkweche ukaingia humo bila kualikwa.

Mataifa mengine yalianzia kwingine. Marekani, mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kupamba barabara kuu, ambayo pamoja na mambo ya mabango iliagiza nyanja za magari mabovu zifichwe zisionekane na wapita njia. Na Uingereza, mwaka 1967, ilizipa serikali za mitaa mamlaka ya kuondoa magari yaliyotelekezwa. Huko gari bovu lilikuwa kero ya jicho. Huku kwetu jicho halikuulizwa, wala sidhani kwamba lingeulizwa lingelalamika sana, maana yule aliyeliona gari bovu aliona jembe, akaona panga, akaona ekseli ya mkokoteni.

Kitale ilikuwa kituo cha misafara kabla haijawa mji, na husimuliwa hadi leo kwamba duara la mawe lililo katika uwanja wa klabu ya walowezi ndilo mahali walipozuiliwa watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani. Misafara ile haikuacha chombo chochote nyuma yake, kwa sababu chombo chake kilikuwa mgongo wa mwanadamu. Gari la kwanza kuonekana katika nyanda hizi lilikuwa gari la ng'ombe, na lilikuwa gari na nyumba kwa pamoja. Mnamo Julai 1908 Makaburu wa familia zipatazo 47, wakiongozwa na van Rensburg, walishuka Mombasa kutoka Afrika Kusini, wakapanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo wakakokota magari yao 42 kupanda ukingo wa bonde na kuvuka matope na misitu, hata wakafika Uasin Gishu kabla mwaka haujaisha. Na baadaye baadhi ya watu wa kabila lao wakasogea hadi Trans Nzoia. Katika magari yale, yaliyofunikwa turubai, watu walilala, walipika kando yake, walizaliana na kuuguliana, na mlowezi alipokwisha kupewa shamba lake, gari liliendelea kuwa nyumba hadi nyumba ya udongo na nyasi iliposimama.

Nauliza, basi, nyumba zile zenye magurudumu zilikwenda wapi? Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 na Kitale mwaka 1926, na njia kuu ya kwenda Uganda ikapitia Webuye, wakati huo ikiitwa Broderick Falls, na Bungoma, hadi Malaba na Tororo. Na mara mahindi yalipopata behewa, gari la ng'ombe likapoteza kazi yake ya safari ndefu. Hapakuwa na amri ya kuyaondoa. Mbao zake zilikuwa kavu na ngumu, hazina haja ya kukatwa msituni. Pete za chuma zilizofunga magurudumu zilikuwa chuma bora kwa mhunzi. Minyororo na nira zilikuwa na kazi shambani siku hiyohiyo. Chombo kile kilikuwa na sifa ambayo vyombo vilivyokifuata vilizidi kuipoteza: hapakuwa na sehemu yake hata moja isiyo na mwombaji.

Na waombaji wa chuma walikuwako tangu azali. Kabla ya Mzungu, wahunzi wa vilima vya Samia, upande wa ziwa, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyosafiri mbali kwa biashara, na chuma kilikuwa mali ya kuhesabiwa pamoja na mifugo. Kwa hiyo Waingereza walipotandika reli na kuning'iniza nyaya za simu katika nchi ya Wanandi, walitandaza utajiri juu ya ardhi bila ukuta na bila mlango. Wanandi walizikata nyaya wakajipamba nazo, wakang'oa misumari na parafujo za reli wakafua silaha, na jambo hili likawa miongoni mwa sababu za vita ambamo aliuawa kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, tarehe 19 Oktoba 1905. Nasema miongoni mwa sababu, kwa kuwa sababu iliyo kubwa ilikuwa ardhi; lakini afisa wa wakati ule aliandika juu ya waya kwanza, na ardhi akaiacha ijisemee. Hapo ndipo ilipopandwa mbegu ya fikra ambayo serikali zetu zote zimeirithi, kwamba mwenye kipande cha chuma mkononi ni mshukiwa mpaka aeleze alikokipata.

Fikra ya pili ilikuja na madaktari. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921, ambayo ingali hai katika vitabu vyetu kama Sura ya 242, inapotaja mambo yanayohesabiwa kuwa udhia inakiingiza chombo cha majini, na behewa la reli, na chombo kinginecho cha kusafiria, endapo hali yake ni ya kudhuru au kuhatarisha afya. Sidhani kama aliyeandika maneno hayo aliwaza lori la Bungoma. Alikuwa akinakili sheria za kwao, ambako watu waliishi katika mashua za mifereji. Hata hivyo mamlaka yamekuwamo tangu siku hiyo: afisa wa afya akiona gari bovu limejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu, aweza kumwandikia mwenyewe ilani aliondoe. Ni mara chache sana mamlaka hayo yametumika, na sababu yake ni kwamba ilani huandikwa kwa mwenye gari au mwenye kiwanja, na afisa hujikuta ameshika kalamu hajui jina la kuandika.

Katika miaka ya walowezi gereji za Kitale zilikuwa mikononi mwa Makalasinga, watoto na wajukuu wa mafundi waliokuja kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Vijana wa Kibukusu na wa makabila mengine walioajiriwa humo kufagia na kushika taa walitazama, wakajifunza, na walipotoka walitoka na kitu ambacho hakikuwamo katika mshahara wao. Trekta la mlowezi lilipoharibika mbali na duka la vipuri, na vipuri vikiwa baharini, fundi alilivua trekta la pili ili kuliponya la kwanza. Na kwa njia hii kila shamba kubwa la Trans Nzoia lilikuwa na kona yake nyuma ya ghala ambako mashine zilizokufa zilizilisha zilizo hai. Uhuru ulipokaribia na walowezi wakaanza kuuza, waliuza mashamba, ng'ombe na mitambo, lakini zile kona hawakuziuza. Zilibaki kwa wenyeji, kwa vyama vya ununuzi wa ardhi, na kwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo lililoundwa mwaka 1965, na miaka mingi baadaye mtu aliweza kuokota huko plau yenye jina la kiwanda kilichokwisha kufungwa Ulaya.

Bungoma ilipata mikweche yake kwa njia nyingine, ambayo yastahili kusimuliwa taratibu. Julai 1975 jalidi iliyakumba mashamba ya kahawa ya Brazili, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na katika Uganda ya Idi Amin mkulima alikuwa akilipwa kwa sarafu isiyonunua kitu. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka usiku, juu ya vichwa vya watu na juu ya punda, ikashukia Chepkube, soko dogo chini ya Mlima Elgon ambalo kabla ya hapo halikuwa na sababu ya kujulikana hata Kimilili. Kwa miaka ya 1976 na 1977 Chepkube ilikuwa na fedha kuliko miji, na watu ambao hawakuwahi kumiliki baiskeli wakanunua malori na Peugeot, wengine kwa fedha taslimu zilizobebwa ndani ya gunia. Kisha bei ikashuka, mpaka ukakazwa, na Aprili 1979 Amin akaanguka. Magari yalibaki bila mzigo. Mwenye lori hakuwa na biashara nyingine ya kulilisha, na lori lina njaa kuliko ng'ombe: lataka mafuta, lataka matairi, lataka fundi. Basi lilipoharibika liliegeshwa uani, na pale uani likakaa. Wala halikukaa kwa sababu hapakuwa na mnunuzi, bali kwa sababu kuliuza kwa kilo ni kukiri mbele ya majirani kwamba Chepkube imekwisha. Nimewasikia wazee wakilionyesha kwa kidole gofu la namna hiyo na kuzungumza juu yake kwa adabu wasiyoitumia kwa magari yanayokwenda.

Matatu nazo ziliongeza idadi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu zichukue abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo kila pikapu yenye bodi la mbao na mabenchi mawili iligeuka kuwa chombo cha umma, ikaendeshwa mpaka ikakataa. Mabasi ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1986 kwa shangwe, hayakumaliza miaka kumi kabla hayajaanza kulala. Na Februari 2004, kanuni za Waziri Michuki za mikanda na vidhibiti mwendo zilipoanza kushika, magari mengi yaliyokuwa yakijikokota yalijikuta yamestaafu kwa siku moja.

Sasa natufuate gari lililobahatika, yaani lile lisilo na kesi. Mwenyewe anapokata shauri, humwita fundi wa jua kali, na uchinjaji wake una taratibu. Hutangulia vile vinavyouzwa vizima: betri, redieta, jenereta, taa, vioo vya pembeni, na giaboksi ikiwa bado inaungana. Ekseli ya nyuma pamoja na rimu na matairi yake huenda kwa mtengenezaji wa mikokoteni, na asilimia kubwa ya mikokoteni ya punda na ya ng'ombe inayochukua mahindi Trans Nzoia na miwa karibu na Nzoia Sugar yakimbia juu ya mifupa ya magari ambayo watoto hawayajui tena kwa jina. Springi bapa ni hazina ya mhunzi, kwa kuwa chuma chake kina ugumu na unyumbufu ambao chuma cha kawaida hakina. Hukatwa, hutiwa motoni, hufuliwa, ikawa panga, patasi, shoka na jembe la palizi. Pistoni na maganda ya giaboksi, yakiwa ya alumini, huyeyushwa yakamiminwa katika kalibu ya mchanga yakatoka sufuria. Boneti na milango hukatwa kwa patasi na nyundo kuwa vifuniko, meko na masanduku ya wanafunzi. Tairi lililokwisha huwa akala, na mpira wake wa ndani hukatwa mikanda ya kufungia mizigo juu ya baiskeli. Rimu ya lori huning'inizwa mtini katika shule ya msingi, ikapigwa kwa kipande cha chuma, na watoto wakaingia darasani. Kinachobaki hupimwa mizani na kupelekwa kwenye tanuri za viwanda kurudi kuwa nondo. Katika siku chache lile gari halipo, na halmashauri haikutumia hata senti moja.

Hiyo ndiyo idara ya usafi ambayo Kitale na Bungoma zimekuwa nayo, na serikali ilichelewa mno kuitambua. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuwaahidi mabanda, vibanda vya jua kali vilianza kujengwa mijini, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wake wa kisera juu ya kazi hizo. Lakini waraka ule uliwaona mafundi kuwa ni waajiri wa vijana, haukuwaona kuwa ndio waondoaji wa taka ngumu za nchi.

Tuje sasa kwa gari lisilobahatika. La kwanza ni lile lililokamatwa. Limehusika katika ajali, au limekutwa na mbao za magendo, au mwenyewe hana bima. Linapelekwa kituoni na kuwa kielelezo, na kielelezo hakiguswi mpaka kesi imalizike. Kesi inaahirishwa, shahidi amehamishwa, mshitakiwa ametoweka, hakimu mpya anaanza upya. Hata kesi inapokwisha, sharti amri itolewe, tangazo liwekwe, dalali ateuliwe, na gharama ya kuliegesha huwa imekwisha kulipita gari lenyewe thamani, hivyo mwenye nalo hana sababu ya kwenda kulidai. La pili ni gari la serikali. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka kamati ya kuuza mali ikae, ikague, ipendekeze, na afisa mwajibikaji aidhinishe, ndipo mnada ufanywe; jambo jema kwa kuzuia wizi, ila kila afisa anajua kwamba hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kuliacha gari lioze, na wapo walioadhibiwa kwa kuliuza.

La tatu ni gari la marehemu, na hili ndilo lililo jingi zaidi mashambani kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Logibuku ina jina la baba. Ili kuipata hati sharti barua ya chifu itaje warithi wote, na warithi wote wakubaliane, na tangazo lipigwe chapa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Na ikiwa hawajakubaliana juu ya shamba hawatakubaliana juu ya pikapu. Kijana anayeliuza kwa kilo pasipo hati anafanya kosa, na mnunuzi wake pia yuko hatarini. Kwa hiyo gari linangoja shamba, na shamba linangoja kaburi la mwisho. La nne ni gari lililoachwa kwa fundi na mwenyewe asirudi. Hapo ipo Sura ya 38, sheria ya bidhaa zisizochukuliwa, inayomruhusu fundi aliyetoa ilani ya kutosha kuuza ili ajilipe, lakini sijaona ukutani mwa gereji nyingi bango linaloitaja, na mafundi wengi huogopa kuliko wanavyostahili kuogopa.

Ukiyatazama haya yote kwa pamoja, utaona kwamba hakuna hata moja kati ya magofu yaliyosimama ambalo limesimama kwa kukosa mtu wa kulichinja. Ukiacha yale ya Chepkube, yote yamesimama kwa kukosa sahihi.

Na ilipotokea serikali ikataka kuushika moja kwa moja mkono unaochinja, iliushika kwa ile fikra ya mwaka 1905. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015, iliyochukua mahali pa Sura ya 503 ya zamani, iliunda baraza la kusimamia biashara hiyo na kumtaka kila mfanyabiashara awe na leseni na daftari la kuandika alichonunua na alikokinunua. Kisha tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ilianguka kwenye njia ya Kiambere kwenda Nairobi baada ya watu kuihujumu, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu nchini mpaka kanuni mpya zitungwe. Zuio liliondolewa Mei mwaka huohuo. Sina la kumtetea mwizi wa mnara. Lakini katika miezi ile fundi wa Kitale ambaye hajawahi kuugusa mnara alifunga kazi yake, na lile gari la marehemu ambalo hatimaye lilikuwa limepata hati likarudi kungoja. Adhabu ilimshukia anayesafisha, na uchafu ukapewa muhula.

Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, ilizipa serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka na kuendesha majaa, na tangu mwaka 2013 Trans Nzoia na Bungoma zina mabaraza yao ya kutunga sheria. Lakini polisi na mahakama zilibaki kwa serikali ya taifa, na usajili wa magari ukakabidhiwa mamlaka ya usafiri iliyoundwa mwaka 2012. Matokeo yake ni kwamba afisa wa kaunti anaweza kuliondoa gari lililoziba mtaro, akaliburuta hadi uwanja wa kaunti, na hapo akaanza yeye mwenyewe kufuga mkweche, maana logibuku haiko katika daftari lake. Kama kuna kanuni moja ambayo kaunti hizi mbili zingefaa kuitaka kutoka Nairobi kabla ya kununua mtambo wowote wa kubebea magari, ni muda maalumu ambao ukipita kielelezo hupigwa picha, huandikwa nambari za injini na chasisi, na chuma chenyewe kikaachiliwa. Picha itaisubiri kesi bila kuota mpera.

Wakati huohuo gari lenyewe limebadilika. Kwa kuwa kiwango cha ubora kinachokataza magari yaliyotumika zaidi ya miaka minane hakikupunguza wingi wa yanayoingia Mombasa, barabara ya Kitale kwenda Webuye imejaa Toyota Probox, na Probox ikichinjwa haigawanyiki kama Land Rover ya mlowezi. Bampa zake ni plastiki, dashibodi ni plastiki, viti ni sifongo, na bodi ni bati jembamba lisilofaa kukatwa sanduku. Fundi huchukua injini na ekseli, anaacha ganda, na hilo ganda huchomwa jioni nyuma ya vibanda au husukumwa katika mtaro, pamoja na mafuta machafu, na mvua ikinyesha hushuka kwenda Nzoia, mto unaopita Webuye na Mumias hadi Budalangi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yasema kwamba mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa hubeba wajibu wa mabaki yake. Mtengenezaji yuko Japani. Mwagizaji alikuwa na duka Mombasa, akaliuza. Na gari limepita katika mikono mitatu kabla ya kufika kwa fundi, ambaye ndiye peke yake aliye karibu na kwa hiyo ndiye anayepelekewa ilani.